Mashine Haijafa, Inakusubiri: Skrini ya Kuwasha ya Linux na Umeme wa Newala

Ukikaa Newala miezi ya mvua unaijua tabia ya umeme. Unakatika, unarudi baada ya nusu dakika, unakatika tena kabla hujamaliza kusema "afadhali", kisha unarudi na kutulia. Taa haina shida na mchezo huo. Kompyuta ya mezani inayo, ila mara nyingi shida yenyewe siyo ile watu wanayoidhani.

Chukua mfano wa ofisi ya AMCOS msimu wa korosho. Karani anaingiza kilo za wakulima kwenye kompyuta ya zamani yenye Ubuntu, maana Ubuntu haina leseni ya kulipia na haichagui sana mashine. Umeme unacheza mara mbili. Mashine inapowaka tena, ile picha aliyoizoea haipo. Kuna kioo cheusi, orodha ya Kiingereza na mstari mmoja uliowekewa rangi. Karani anabonyeza kitufe hiki na kile. Anasubiri. Hakuna kitu. Anapiga simu Masasi.

"Fundi, shikamoo. Mashine imekufa."

"Marahaba. Iweke kwenye gari la mchana, tutaipiga Windows."

Na hapo ndipo kilo za wakulima zinapopotea, kwa sababu "kupiga Windows" ni kufuta diski na kuanza upya. Kumbe mashine haikufa. Ilikuwa inahesabu sekunde 30 ili iwake yenyewe, na karani alipogusa kibodi akaisimamisha hesabu.

Makala haya ni ya kuzuia safari hiyo ya Masasi. Mtandaoni utakuta maelekezo mengi ya kupamba skrini ya kuwasha ya Linux: weka picha ya gari, weka nembo ya timu yako. Sawa, tutakuonyesha na kupamba. Lakini kwa ofisi ambayo umeme wake hautabiriki, skrini hiyo ina kazi kubwa kuliko urembo. Ni ubao wa matangazo pekee unaosomeka wakati vitu vingine vyote kwenye kompyuta bado vimelala.

Kwanza, mashine inaamkaje?

Unapowasha kompyuta, RAM yake ni tupu. Linux iko kwenye diski, lakini ili diski isomwe inatakiwa programu, na programu iko kwenye diski. Njia ya kutoka kwenye mzunguko huo ni kupandishana hatua kwa hatua. Mtu wa Newala hahitaji maelezo marefu hapa: uwanda wa Makonde uko juu, mchanga wake unameza mvua yote, na maji yanatoka chini kabisa, Mitema kwenye bonde la Kitangari, yakasukumwa na pampu mpaka juu. Pampu ikisimama, huku juu mabomba ni makavu hata kama chemchemi imejaa.

Kwenye kompyuta pampu ya kwanza ni programu fupi iliyochomwa kwenye chipu ya ubao mama. Mashine za zamani huiita BIOS, mpya huiita UEFI. Inakagua kumbukumbu, kibodi na diski, kisha inatafuta nani wa kupokea. BIOS ya zamani inasoma kipande cha kwanza cha diski tu, baiti 512, pungufu ya ujumbe mfupi minne ya simu. Linux nzima haiwezi kukaa humo. Kinachokaa humo ni mkia wa programu nyingine, Grub, ambayo ilianzishwa na Erich Boleyn mwaka 1995. Grub ikishajivuta yote kutoka kwenye diski, inapakia vitu viwili: kerneli, yaani moyo wa Linux, na mfuko mdogo wa zana uitwao initramfs. Kerneli inatumia zana hizo kuikagua na kuifungua diski kubwa. Baada ya hapo inashika systemd, iliyotoka mwaka 2010 na ambayo Ubuntu imeitumia kama kiwashio chake tangu toleo la 15.04 la mwaka 2015. Hii ndiyo inayowasha huduma moja moja: mtandao, saa, printa, ukurasa wa kuingilia.

Wakati yote hayo yanaendelea, mistari mamia ya maandishi inapita kwenye kioo. Wengi hawataki kuiona, ndiyo maana kuna Plymouth, programu iliyoanza kuonekana kwenye Fedora 10 mwaka 2008. Kazi yake ni kufunika mistari hiyo kwa picha na kiduara kinachozunguka. Ni shela.

Kwa hiyo ukisema "skrini ya kuwasha" unazungumzia skrini mbili: ya Grub, ambayo kwa kawaida imefichwa, na ya Plymouth, ambayo unaiona kila siku. Kila moja inawekwa kwa njia yake.

Sekunde 30 za karani

Grub ya Ubuntu, na ya jamaa zake kama Linux Mint, ina kidaftari: faili liitwalo grubenv. Kila inapoanza kuiwasha Linux inaandika humo alama iitwayo recordfail. Linux ikiwaka mpaka mwisho, inaifuta. Umeme ukikatika katikati ya kuwaka, alama inabaki. Safari inayofuata Grub inaiona na kusema moyoni: jana kuna kitu kilienda vibaya, ngoja nimwonyeshe mwenyewe orodha achague. Inajitokeza na kungoja sekunde 30. Matoleo ya zamani yalingoja milele.

Wazo ni zuri kwa mtu aliyeharibu kerneli. Kwa umeme unaocheza mara tatu ni usumbufu, na hesabu hiyo ina sheria moja ambayo watu wachache wanaijua: ukigusa kitufe chochote, hata mshale wa chini, inasimama. Mashine itakaa hapo mpaka mtu abonyeze Enter. Kama ni seva ya maabara ya shule isiyo na kioo wala kibodi, angalau itawaka baada ya nusu dakika. Kama mbele yake kuna binadamu mwenye wasiwasi, haiwaki.

Sasa tufanye kazi. Mipangilio ya Grub iko kwenye faili moja, /etc/default/grub. Usihariri grub.cfg iliyo ndani ya /boot. Hiyo hutengenezwa upya kila mara na mabadiliko yako yatafutika. Fungua terminali:

sudo nano /etc/default/grub

Utakuta mistari yenye alama ya sawasawa. Kwa ofisi kama hii sisi tungeiweka hivi, na ambao haupo unauongeza:

GRUB_DEFAULT=0
GRUB_TIMEOUT_STYLE=hidden
GRUB_TIMEOUT=0
GRUB_RECORDFAIL_TIMEOUT=10
GRUB_BACKGROUND="/boot/grub/tangazo.png"
GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT="quiet splash fsck.repair=yes"

Mitatu ya kwanza inasema: siku za kawaida usijionyeshe, washa Linux ya kwanza kwenye orodha. Wa nne unapunguza zile sekunde 30 ziwe 10. Unaweza kuweka 0, lakini hatukushauri, kwa sababu siku kerneli ikiharibika kweli utaitaka orodha hiyo. Kwenye mashine ya BIOS utaishika kwa kukandamiza Shift wakati inawaka, kwenye UEFI kwa kugonga Esc. Mtu aliye mbali akiongozwa kwa simu hafaulu kirahisi kugonga kwa wakati.

Wa tano ndio tunaoupenda. Orodha ya Grub itajitokeza pale tu umeme ulipokatiza uwakaji, basi picha iliyo nyuma yake inafaa kumwambia mtu kilichotokea na la kufanya. Tengeneza picha kwa GIMP au programu yoyote, upana 1024 kwa urefu 768, uihifadhi kama PNG. Ukitaka uzuri, tumia picha uliyopiga mwenyewe pale Shimo la Mungu jioni, bonde la Ruvuma likiwa chini huko, na uitie giza kidogo ili maandishi yasomeke. Wa Masasi watumie miamba yao, iko kila upande. Nusu ya juu iache tupu, maana orodha inakaa hapo. Nusu ya chini andika kwa herufi kubwa:

UMEME ULIKATIKA MASHINE IKIWAKA.
USIGUSE KIBODI. HESABU MPAKA 10.
KAMA UMESHAGUSA, BONYEZA ENTER.

Picha iweke ndani ya /boot/grub. Usiiache kwenye folda yako ya nyumbani: Grub inaamka kabla diski haijafunguliwa sawasawa, na folda hiyo ikiwa imefungwa kwa paswedi haitaiona. Kisha:

sudo cp tangazo.png /boot/grub/
sudo update-grub

Hapo umeandika Kiswahili mahali ambapo Kiswahili hakijafika. Mwaka 2004 mradi wa KiLinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili, na tangu hapo menyu nyingi zimetafsiriwa. Lakini kerneli na ukaguzi wa diski bado vinasema Kiingereza, tena cha mafundi, na vinasema wakati mtumiaji ana hofu zaidi. Jina lenyewe Ubuntu ni ndugu wa neno letu utu. Mashine yenye jina hilo ikimtisha karani kwa lugha asiyoijua, kuna kitu kimepinda.

Pale inapoonekana kweli imekufa

Kuna skrini mbaya zaidi. Mashine inawaka, inasimama kwenye weusi, na mwisho wa maandishi kuna neno initramfs ndani ya mabano na kimstari kinachopepesa. Hapa wengi ndipo wanapoita gari.

Maana yake ni hii: kerneli imeamka, mfuko wa zana umefunguka, lakini diski kubwa imekutwa na vurugu ambazo ukaguzi wa kawaida haukuthubutu kuzirekebisha peke yake. Umeme ulikatika Linux ikiwa katikati ya kuandika. Mfumo wa mafaili wa ext4, ambao Ubuntu hutumia, huandika kwanza kwenye jarida kile inachotaka kufanya, kwa hiyo mara nyingi vurugu hurekebishwa kimya kimya ndani ya sekunde chache. Mara moja moja jarida halitoshi. Hapo mashine inataka ruhusa ya mtu. Juu kidogo ya kile kimstari itakuwa imetaja jina la kipande cha diski, tuseme /dev/sda2. Unaandika:

fsck -y /dev/sda2
reboot

Basi. Herufi y ni "ndiyo" kwa maswali yote.

Ule mstari wa sita, fsck.repair=yes, unatoa "ndiyo" hiyo mapema, ili mashine isimwulize karani jambo asiloweza kujibu. Wajuzi wengine hawaupendi, na wana sababu: ukarabati wa "ndiyo" kwa kila kitu unaweza kukata mafaili yaliyojeruhiwa na kuyatupa kwenye folda ya lost+found bila majina. Kwetu, kwa mashine yenye nakala ya pembeni na isiyo na fundi jirani, faida inazidi. Kama kilo za wakulima ziko kwenye diski hiyo peke yake, shughulikia nakala kwanza. Na diski ikitoa mlio wa kugonga, au kioo kikijaa maneno I/O error, usiendeshe fsck hata kidogo. Hiyo ni diski inayokufa kweli, na kila dakika inayozunguka inajimaliza. Washa mashine kwa Linux iliyo kwenye flashi, kopi mafaili, mengine baadaye.

Shela ya Plymouth

Siku za kawaida, quiet splash ndiyo inayoleta picha. Ukitoa maneno hayo mawili, mistari yote itaonekana. Kwa seva ya shule tungeyatoa: asiyejua hatadhurika, anayejua atasoma palipokwama. Kwa ofisi tungeyaacha na kuongeza neno moja, kwa sababu Plymouth ina mlango wa siri: ukibonyeza Esc wakati kiduara kinazunguka, shela inafunuka na unaona mistari. Mtu akijua hilo, anaweza kumsomea fundi kwenye simu mstari wa mwisho, na fundi akajua la kufanya bila mashine kupanda gari.

Mandhari ya Plymouth yako /usr/share/plymouth/themes. Iliyo rahisi kubadili kwenye Ubuntu za miaka hii ni spinner. Usiiguse yenyewe, itafutwa na sasisho, ikopi:

cd /usr/share/plymouth/themes
sudo cp -r spinner newala
sudo mv newala/spinner.plymouth newala/newala.plymouth

Ndani ya newala.plymouth badilisha mstari wa ImageDir uelekee folda ya newala. Kisha picha iitwayo watermark.png, ile ndogo inayotokea chini ya kioo, weka yako yenye maneno "Ikikwama, bonyeza Esc, msomee fundi mstari wa mwisho" na namba ya fundi wako. Halafu uisajili:

sudo update-alternatives --install /usr/share/plymouth/themes/default.plymouth default.plymouth /usr/share/plymouth/themes/newala/newala.plymouth 200
sudo update-initramfs -u

Amri ya mwisho wengi huisahau, halafu wanalalamika picha haijabadilika. Plymouth inaamka ndani ya ule mfuko wa zana, siyo kwenye diski kubwa, kwa hiyo mfuko lazima ufungwe upya picha mpya ikiwa ndani.

Anayechelewesha ni nani?

Mashine ikichukua dakika tatu kuwaka, usikisie. Iulize:

systemd-analyze blame

Itakupa huduma zote na muda wa kila moja, iliyochelewa zaidi ikiwa juu. Sehemu zenye mtandao wa kubahatisha, mara nyingi utamkuta NetworkManager-wait-online.service. Kazi yake ni kukaa mlangoni kungoja mtandao uwe tayari kabla ya kuruhusu huduma zinazouhitaji. Kama modemu haina mnara, itangoja mpaka ichoke. Karani hahitaji intaneti ili aandike kilo:

sudo systemctl disable NetworkManager-wait-online.service

Mtandao utaunganishwa kama kawaida ukipatikana, ila hakuna atakayeungojea.

Mwingine ni diski ya nje ya nakala. Umefanya jambo jema ukaiandika kwenye /etc/fstab ili ijifungue kila asubuhi. Siku mtu akiichomoa kwenda nayo benki, systemd inaingoja sekunde 90, inakata tamaa, na badala ya kuwaka inakupeleka kwenye hali ya dharura, kwenye kioo cheusi. Yaani mashine nzima inagoma kwa sababu ya diski ambayo haikuhitaji leo. Dawa ni maneno mawili kwenye mstari wake:

defaults,nofail,x-systemd.device-timeout=10

Nofail ni kusema: ikikosekana, endelea bila yeye. Kwenye diski yoyote inayochomoleka, maneno haya si ya hiari.

Vitu viwili chini ya yote

Mipangilio mingine haiko Linux, iko kwenye ile chipu ya kwanza. Ingia BIOS kwa F2, F10 au Delete kutegemea mashine, tafuta mstari wenye maneno AC au Power Loss. Unaamua mashine ifanye nini umeme ukirudi: iwake yenyewe, ibaki imezimwa, au irudi ilivyokuwa. Wengi huweka iwake yenyewe. Kwa seva sawa. Kwa kompyuta ya ofisi tungesema ibaki imezimwa, kwa sababu kujiwasha kila umeme unaporudi kwa nusu dakika ndiko kunakoacha alama ya recordfail na diski iliyojeruhiwa. Mtu asubiri umeme utulie, ndipo abonyeze.

Cha pili ni betri bapa kama sarafu iliyo kwenye ubao mama, CR2032, ya volti 3. Kompyuta zilizokwishatumika Ulaya au Dubai mara nyingi hufika ikiwa imechoka. Ikifa, BIOS inasahau mipangilio yako yote pamoja na tarehe, na kila umeme unapokatika saa inarudi miaka nyuma. Linux inajitahidi: huduma ya timesyncd huhifadhi kwenye diski muda wa mwisho inaoujua. Lakini ukaguzi wa diski unaweza kulalamika kwamba diski ilifunguliwa mara ya mwisho "siku zijazo", na tovuti zenye kufuli zitakataa kufunguka. Betri hiyo inauzwa kwenye maduka ya saa. Ibadilishe kabla ya kumlaumu mtu.

Ukimaliza, usijaribu kazi yako kwa kuchomoa waya ukutani. Andika alama ya recordfail kwa mkono, kisha uwashe upya:

sudo grub-editenv /boot/grub/grubenv set recordfail=1
sudo reboot

Picha yako itatokea na hesabu itaanza kutoka 10. Mwite karani aje akae kwenye kiti, wewe simama nyuma yake usiseme kitu. Akinyoosha mkono kwenye kibodi kabla hajamaliza kusoma, ongeza ukubwa wa herufi.